Simba wa kwenye kanda na Simba wa kwenye DVD sio mmoja

Juzi kwenye grupu la familia kulitokea ubishi mpaka mama mkubwa akaandika "jamani tunalala". Ishu yenyewe ni ya kitoto kabisa. Mtoto wa mama mdogo, hawa waliozaliwa elfu mbili na kitu, kasema anapenda ile sehemu ya The Lion King ambapo yule ndege Zazu anamuimbia Mufasa, baba yake Simba, taarifa ya asubuhi. Mimi na kaka tukamrukia, wimbo gani, Zazu pale haimbi anaongea tu, sisi ile kanda tumeiangalia mpaka ikawa inaleta chenga na deki ikawa inaitafuna, we dogo unatuambia nini. Dogo hakubishana, akatupa klipu. Kweli bwana, Zazu anaimba, na Simba mdogo anaimba naye. Kaka akasema hiyo AI hahaha.

Sio AI. Dogo yuko sahihi na sisi tuko sahihi, maana hatukuangalia kitu kimoja. Na hii ndo mada ambayo nimekuwa naizunguka muda mrefu bila kuiandika: katuni ndefu unayoijua kutoka nyumbani ni toleo fulani tu la hiyo katuni, na kila ikitolewa upya kuna mtu anaingiza mkono.

Tuanze na hiyo hiyo. The Lion King iliingia kumbi za sinema Marekani Juni 1994, Machi 1995 ikatoka kwenye kanda ya video na ikauza zaidi ya kanda milioni 30, sijaona kanda nyingine yoyote iliyofika huko. Sisi tulikuwa na hiyo ya zamani. Ule wimbo wa asubuhi ulikuwa haupo kabisa duniani wakati huo, uliandikwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa Broadway wa 1997. Disney walipokuwa wanaandaa DVD ya 2003 wakaamua kuuchorea picha mpya na kuupachika pale ambapo mwanzo palikuwa na maongezi tu. Na sauti inayoimba wala sio ya Rowan Atkinson (ndio, Mr. Bean ndo Zazu, kama ulikuwa hujui), ni ya jamaa mwingine anaitwa Jeff Bennett. Ukisikiliza vizuri unaona kabisa ndege anabadilika koo katikati ya sentensi.

DVD ile ilikuwa inakupa uchague, unataka yenye wimbo au unataka ile ya asili. Safi. Shida ni kwamba hata hiyo "ya asili" haikuwa ya asili. Krismasi ya 2002 walikuwa wameirudisha kwenye kumbi za IMAX, skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa, sasa mistari iliyokuwa haionekani ikaanza kuonekana, wakachora upya baadhi ya vitu, hasa wale mamba kwenye wimbo wa Simba wa kutamani ufalme. Mamba wa 1994 walikuwa wamechorwa kihuni huni makusudi, sehemu ile nzima imechorwa kwa mtindo wa rangi kali na maumbo ya ajabu ajabu, mamba wapya wakaja wamenyooka kama wamepigwa pasi. Na hao ndo wako kwenye DVD, hata ukichagua ya asili. Wale wa mwanzo ukiwataka katafute kanda.

Halafu kuna lile vumbi. Simba mkubwa anajilaza ukingoni usiku, vumbi na manyoya vinapaa angani, watu Marekani wakaanza kusema vumbi limeandika neno la matusi, herufi tatu. Wachoraji wakasema hapana, ni SFX, kitengo cha spesho ifekti walikuwa wanajiandikia sahihi yao. Mi naamini wachoraji, ila kwa 2003 herufi zikafutwa, vumbi likabaki vumbi.

Hapo kwenye vumbi nataka nikae kidogo kwa sababu ndo ufunguo wa mambo mengi. Kwenye ukumbi, picha moja inakaa machoni mwako sehemu 1 ya 24 ya sekunde halafu imeondoka, huna uwezo wa kusema simamisha. Deki ikaleta rimoti. Ghafla mtoto wa miaka 9 anaweza kustopisha, kurudisha, kustopisha tena, kuita majirani. Sinema iliyotengenezwa ipite ikaanza kukaguliwa kama pasipoti pale uwanja wa ndege. Ile The Rescuers ya 1977, panya wawili wanaoruka mgongoni kwa ndege, ilikuwa na picha ya mwanamke kifua wazi dirishani kwenye fremu mbili tu. Imeonyeshwa kwenye kumbi miaka hiyo yote hakuna aliyesema neno. Januari 1999 Disney wakaziita kanda milioni 3.4 zirudi dukani. Fremu mbili! Kuna mtu alikaa na rimoti yake akaenda fremu moja moja, sijui alikuwa anatafuta nini mwanzoni.

Wenye studio wenyewe kwanza walikuwa hawataki hata kusikia habari za video, na ukifikiria kibiashara unawaelewa. Disney walikuwa na mchezo wao, unatoa katuni, unaifungia, baada ya miaka saba hivi wamezaliwa watoto wapya, unaitoa tena kwenye kumbi, hela inaingia bila kuchora hata mstari. Snow White ya 1937 ilirudishwa kwenye kumbi mara nyingi sana namna hiyo. Sasa ukimuuzia mtu kanda akaweka kabatini, atakuja ukumbini kufanya nini? Kwa hiyo zile kubwa zilizofungiwa zilianza kutoka kwa kudonyoa, Robin Hood mwishoni mwa 1984, Pinocchio 1985, na Pinocchio ilianza kuuzwa karibu dola 80, yaani walilenga maduka ya kukodisha, sio mzazi. Baadaye wakashusha bei wakaona maajabu, watu wananunua kweli, kila nyumba. Snow White yenyewe ilisubiri mpaka 1994. Na hata baada ya hapo wakaendelea na tabia ya kufungia, kanda inauzwa muda fulani halafu inatolewa sokoni, "nunua sasa kabla haijarudi kabatini". Ndo maana mpaka leo unaona watu wanaweka kanda zao za zamani mtandaoni kwa maelfu ya dola wakidhani wana dhahabu. Kuweka bei sio kuuza jamani. Zimetengenezwa mamilioni hizo.

Hela ya video ilileta na kesi. Mwanamuziki Peggy Lee alishiriki kutunga nyimbo za Lady and the Tramp ya 1955, akatia na sauti za wale paka wawili na wengine. Mkataba wake wa 1952 ulikuwa na kipengele kinachowazuia Disney kutoa nakala za kuuzia umma bila yeye kuridhia, na mwaka huo nani alijua kutakuja kuwa na deki sebuleni. Kanda ikatoka 1987, 1988 akawapeleka mahakamani, mwisho akapewa dola milioni 2.3. Nampenda huyu mama. Wasanii wetu wanaosaini mikataba bila kusoma wangemjua.

Na hela hiyo hiyo ndo ikazaa zile katuni za moja kwa moja kwenye video ambazo hazikupita ukumbini. The Return of Jafar 1994, mwendelezo wa Aladdin, Jini hana sauti ya Robin Williams kwa sababu alikuwa amekosana na Disney, wakamweka Dan Castellaneta yule wa Homer Simpson. Mwendelezo wa Simba, ule wenye Kiara na Kovu, 1998. Baada ya Disney kuinunua studio ya Pixar 2006 na John Lasseter wa huko Pixar kushika usukani, hizo za mwendelezo wakazisimamisha. Kwa kweli nyingi zilikuwa mbovu, ila ya Kiara na Kovu mtaniua mkinisema vibaya, naipenda.

Turudi kwenye mikono inayoingia ndani. Aladdin ilipotoka ukumbini Novemba 1992, wimbo wa kufungulia ulikuwa na mstari unaosema huko kwao Waarabu wakichukia sura yako wanakukata sikio. Chama cha Wamarekani wenye asili ya Kiarabu kikalalamika, na ilipotoka kanda Oktoba 1993 mstari ukabadilishwa, sasa unasema nchi ni pana na jua ni kali. Sawa. Ila mstari unaofuata, unaosema kwamba ni unyama lakini ndo nyumbani, wakauacha! Kwa hiyo sasa kinachoitwa unyama ni joto. Kwa mtu wa pwani anayejua Muscat au Unguja hii inachekesha na kuudhi kwa wakati mmoja. Mi huwa nawaambia watu ukitaka kujua nakala yako imetokana na nini sikiliza pale, ingawa matoleo ya sikio kuyapata sasa hivi ni kazi.

Kali zaidi ni Fantasia ya 1940. Kuna kipande chenye viumbe nusu mtu nusu farasi, wasichana wazuri wanajiremba, na katikati yao kulikuwa na mmoja mweusi, mdogo mdogo, nusu punda, kazi yake kuwasugua wenzie kwato. Jina lake Sunflower. 1969 wakamkata. Ilipotoka kanda 1991 walitaka picha zile zirudi bila yeye kuonekana, wakazisogeza karibu, wakavuta fremu mpaka akabaki nje. Yaani ukiangalia kanda unaona msichana mweupe anainua mguu na huoni nani anamshika kwato. Sina hamu ya watoto wa dada yangu waikute hiyo picha wakati wanakula ugali, kabisa. Lakini kumfuta halafu ukaandika kwenye kava kwamba ni kazi bora iliyorejeshwa kama ilivyokuwa, hapo ndo napokataa. Andika tu kwamba kulikuwa na kitu hapa tumekitoa, tutaelewana.

Ndo maana namheshimu Lufufu. Waliokulia Dar na mikoani wanamjua, marehemu Derek Mukandala, yule aliyekuwa anaweka sauti yake juu ya sinema za nje akitusimulia kwa Kiswahili na kuongeza chumvi kadiri anavyojisikia, Kenya nao wana DJ Afro. Hawa wanabadilisha sinema kuliko Disney yeyote, mtu anapigana Hong Kong unaambiwa anadaiwa kodi ya nyumba, lakini hakuna anayedanganywa, sauti inasikika kabisa kwamba hii ni ya Lufufu. Ukinunua ya Lufufu unajua umenunua nini.

Kuna badiliko lingine ambalo wengi wetu tumelimeza bila kujua na hili sio la kisiasa, ni la umeme. Filamu inapiga picha 24 kwa sekunde. TV zetu huku, za mfumo wa PAL tuliorithi kutoka Ulaya, zilikuwa zinataka 25. Dawa waliyotumia ni nyepesi, wanaikimbiza sinema kidogo, asilimia 4 hivi. Sinema ya dakika 88 inaisha chini ya dakika 85. Na ukikimbiza picha unakimbiza na sauti, inapanda juu kama karibu nusu noti. Maana yake kanda zilizotoka Uingereza au Dubai, ambazo ndo zilijaa mitaani kwetu, zilikuwa na Mufasa mwenye sauti nyembamba kuliko aliyorekodi James Earl Jones, na nyimbo zote zilikuwa zimepanda. Mimi nilipokuja kusikia ya Kimarekani nikaona kama wameipunguza mwendo, nikadhani faili bovu. Masikio yamezoea kilichopandishwa. Kuna DVD walikuja kurekebisha sauti irudi chini hata kama picha inakimbia, lakini sio zote.

Na wale waliokuwa na shangazi Marekani akatuma kanda, wanakumbuka, unaiweka kwenye deki inatoka nyeusi na nyeupe au picha inapanda juu kama lifti, mfumo tofauti, mpaka upate deki ya "multi". Kwenye DVD wakaleta balaa lingine la kuigawa dunia kwa namba, diski ya namba moja isicheze kwenye mashine ya namba nyingine, Afrika Mashariki tukawekwa namba 5 pamoja na Urusi na India, Afrika Kusini wakawa namba 2 na Ulaya. Ila kwetu hilo halikusumbua mtu, mashine za Kichina zilikuwa zinasoma chochote, na zile diski za Kariakoo na River Road zenye katuni kibao kwenye sahani moja, kava lina Shrek, Nemo na mtu asiyejulikana, zilikuwa hazina habari na namba.

Sasa kwenye Blu-ray, zile diski zilizokuja baada ya DVD, ndo unakuja ugonjwa wa usafi. Katuni za zamani zilichorwa kwa mkono na kupigwa picha kwenye filamu, na filamu ina chengachenga zake za asili. Mtu kaona chengachenga akasema uchafu huu, akapitisha kompyuta ikasafisha, sasa kompyuta haijui kutofautisha chengachenga na mstari mwembamba wa penseli. Cinderella ya Blu-ray ya 2012 mistari ya nguo na nywele inapotea ukiangalia vizuri, The Sword in the Stone iliyofuata mwaka mmoja baadaye ndo usiseme, sura zimepakwa kama plastiki. Watu walilalamika miaka. Mpaka 2023 Cinderella ikarejeshwa upya kutoka kwenye negativu zenyewe, chengachenga zipo, mistari ipo, nikaiangalia nikaona mikunjo ya gauni ambayo sikuwahi kujua imechorwa.

Wajapani nao wasidhani wamepona. Spirited Away ilipotoka kwenye DVD kwao 2002 ilikuwa imemwagiwa wekundu, kila kitu kina rangi ya machweo hata saa nne asubuhi. Wateja wakalalamika, wengine wakaenda mpaka mahakamani. Blu-ray ya 2014 ndo rangi zikatulia. Hii inanifurahisha kidogo kwa sababu ni katuni ya studio ya Ghibli, watu ambao walikuwa wanakataa kabisa Wamarekani wasikate hata sekunde moja kwenye kazi zao, halafu rangi ikaharibika nyumbani.

Lakini rangi ni swali gumu kuliko linavyoonekana, hapa hata mimi nabadilisha msimamo kila nikifikiria. Kuanzia The Rescuers Down Under ya 1990 Disney waliacha kupaka rangi kwenye karatasi za plastiki, wakawa wanapaka ndani ya kompyuta kwa mfumo unaitwa CAPS waliotengeneza na Pixar. Halafu kazi ikiisha inachapwa kwenye filamu ya 35mm ndo iende ukumbini. Filamu inabadilisha rangi, inatuliza, inatia ujoto, na watengenezaji walikuwa wanajua hilo. Sasa DVD na Blu-ray za baadaye zinatengenezwa kutoka kwenye faili za kompyuta moja kwa moja, hazipiti kwenye filamu. Matokeo nyasi zinawaka kijani, anga linawaka, kila kitu kinang'aa kama duka la simu. Pixar ndo walianza huo mtindo na A Bug's Life, DVD yake ya 1999 ilitoka kwenye kompyuta bila kugusa filamu, na kwa zile TV za mraba wakafanya kitu cha akili sana, badala ya kukata pembeni waliwasogeza wale wadudu waingie kwenye fremu. Hiyo nawapa heshima. Ila kwenye rangi, mimi leo niko upande wa ukumbi wa 1994. Kompyuta ilikuwa jiko, chakula kiliwekwa mezani kikiwa kwenye filamu. Kuna mashabiki huko nje wananunua filamu zenyewe za 35mm na kuziskani wenyewe ili tuone rangi zile, sio halali sana, lakini bila wao ubishi huu ungekuwa wa maneno matupu.

Sasa hivi tuko kwenye strimingi na hapo ndo moyo unanidunda. Lilo & Stitch ya 2002, Lilo anajificha ndani ya mashine ya kukaushia nguo akimkimbia dada yake. Uingereza waliogopa watoto wataiga, wakachora kabati lenye boksi la piza mlangoni. Sawa, la Uingereza libaki Uingereza. Disney+ ilipoanza, hilo la piza ndo likawekwa, hata kwa Wamarekani waliokuwa wanaijua mashine. Hakuna tangazo. Kanda ya zamani angalau ikiwa kabatini kwako hakuna mtu anayekuja usiku kuchora boksi la piza. Na diski zenyewe zinaondoka, Australia Disney waliacha kuziuza 2023, Marekani 2024 wakawapa Sony kazi ya kuziuza. Disney+ ilifika Afrika Kusini Mei 2022, sisi hatukuwemo kwenye huo uzinduzi, kwa hiyo huku watu bado wanaenda maktaba, yale maduka ya kunakili sinema, na flashi.

Basi kama una The Lion King kwenye flashi yako na unataka kujua ni ya lini, fanya hivi. Angalia urefu kwanza, ikiwa dakika 84 au 85 hiyo imekimbizwa, imetoka kwenye PAL. Nenda pale Zazu anapotoa taarifa, akiimba hiyo ni ya 2003. Akiongea, usishangilie bado, nenda kwa mamba, walionyooka ni wa IMAX na kuendelea, wahuni wahuni ni wa kanda au laserdisc, zile diski kubwa za kabla ya DVD. Vumbi sihangaiki nalo, ubora wa faili nyingi za mtaani huwezi kuona hata vumbi lenyewe. Na mwenye kanda ya mwanzo inayocheza bado, tena na deki nzima, anitafute inbox, siinunui, nataka kuichukua nakala tu nairudisha.